Mwasho Usiosikia Dawa

Wahenga walisema, mtu hujikuna ajipatapo. Katika shule ya bweni methali hii ni kweli tupu, wala haina fumbo, maana ni shida kupita usiku mmojawapo bila kusikia kucha za mtu zikifanya kazi gizani. Asubuhi mwenye kujikuna hupewa jina la utani. Jina hilo humfuata mpaka darasani, na kabla ya juma kwisha kitanda chake kimekwisha sukumwa karibu na mlango. Hukumu imetoka: ana upele, na mwenye upele ni mchafu. Mimi naipinga hukumu hiyo. Nasema kwamba mwasho ni habari ambayo mwili unatuletea, na yafaa habari isikilizwe mpaka mwisho kabla ya kutolewa jibu. Na katika habari hizo imo moja ambayo sisi wa Kasese na Bwera hatujazoea kuisikia, nayo ni kwamba pengine kinachomwasha mtu ngozi ni mkate alioula.

Najua wako watakaouliza, mkate una habari gani na kiwiko cha mkono? Swali ni zuri, na jibu lake ni hili. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna protini ambayo wataalamu huiita gluteni. Hiyo ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike usikatike mpishi anapoukanda. Watu wengi huila maisha yao yote bila kudhurika. Lakini wako wachache ambao kwa urithi wa wazazi wao miili yao huiona gluteni kama adui. Mwili huinuka kupigana nayo, na katika vita hivyo huujeruhi utumbo wake wenyewe mwembamba, hata chakula kikapita bila kutoa nguvu yake yote. Ugonjwa huo huitwa siliaki. Na kwa baadhi ya wagonjwa hao vita hivyo hutokea juu ya ngozi, vikaleta vipele viwashavyo kupita kiasi. Jina la vipele hivyo katika vitabu vya udaktari ni dematitisi hapetifomisi. Jina ni refu, kwa hiyo katika makala haya nitaviita vipele vya ngano tu.

Haikuwa rahisi kwa wenye elimu kuujua uhusiano huu. Mwaka 1884 daktari Louis Duhring wa Philadelphia, Marekani, alivieleza vipele hivi na kuvipa jina, lakini hakujua kwamba vinatoka katika chakula. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa wa siliaki kwa watoto, akasema kwamba kama upo uwezekano wa kuuponya, basi ni kwa njia ya chakula. Hata hivyo hakujua ni chakula gani. Ilikuwa ni Mholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke, aliyeitambua ngano. Wakati wa njaa kuu iliyoipata nchi yake mwaka 1944 mpaka 1945, katika vita, mkate uliadimika, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu pale ambapo wenzao walikuwa wakidhoofu. Ngano iliporudi, ugonjwa ulirudi. Dicke aliandika matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1950. Kisha mwaka 1966 Janet Marks, Sam Shuster na A. J. Watson walionyesha kwamba watu wenye vipele vile vya Duhring walikuwa na utumbo ulioharibika kama wa wagonjwa wa siliaki. Hesabuni wenyewe: tangu Duhring mpaka hapo ni miaka 82. Kwa muda huo wote wagonjwa walijikuna, na chanzo kilikuwa mezani mbele yao.

Sasa tuzitazame dalili, maana dalili ya mvua ni mawingu. Vipele vya ngano vina mahali pavyo. Hupenda viwiko na sehemu ya nyuma ya mkono chini ya kiwiko, magoti, makalio, kiuno kwa nyuma, na ngozi ya kichwa chini ya nywele. Tena huja pande zote mbili: kikitokea kiwiko cha kulia, na cha kushoto nacho huwa na vyake. Kwanza mtu huhisi ngozi ikichoma au ikiwaka kama imeguswa na upupu, na baadaye hutokea malengelenge madogo yaliyokaa kwa mafungu. Mara nyingi daktari hayaoni malengelenge yenyewe, kwa kuwa mgonjwa ameyapasua kwa kucha. Huona vidonda, magamba na madoa meusi. Vipele hupungua na kurudi, miezi kwa miezi. Huanza zaidi kwa vijana na watu wazima kuliko kwa watoto wadogo. Na jambo la kushangaza ni hili, kwamba wengi wa wagonjwa hao hawasikii maumivu yoyote ya tumbo. Utumbo umejeruhiwa, lakini umenyamaza. Ngozi peke yake ndiyo inayosema.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila ajikunaye aukimbie mkate. Katika wilaya yetu iko miwasho iliyo mingi zaidi kuliko huu, na mwenye busara huanza na yale yaliyo mengi.

Wa kwanza ni upele wenyewe. Huo huletwa na kijidudu kidogo mno kinachochimba njia ndani ya ngozi, na huambukiza watu walalao karibu karibu. Huwasha zaidi usiku, na hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Dawa yake iko, na hutibika kabisa, ila kwa sharti moja: watu wote walalao chumba kimoja watibiwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe. Tukimtibu mmoja na kumwacha jirani yake, tumefanya kazi ya bure. Tena yafaa kukumbuka kwamba hata baada ya vijidudu kufa, mwasho waweza kuendelea kwa majuma mawili mpaka manne. Na mtu safi kabisa aweza kuupata, kwa kuwa kijidudu hakiulizi nani ameoga na nani hajaoga.

Wa pili ni mwasho wa usubi. Usubi ni nzi wadogo weusi wazaliwao katika mito iendayo kasi, nao huingiza mwilini minyoo midogo ambayo huwasha ngozi vibaya, huikunja na kuitia madoa, huacha vinundu chini yake, na mwisho huweza kuyapofusha macho. Sisi si wageni wa jambo hili. Mto Nyamugasani na mto Lhubiriha, unaopita mpakani kwetu, imo katika orodha ya mahali ambapo ugonjwa huo ulikuwako Uganda. Mwaka 2007 serikali iliazimia kuukomesha kabisa nchini, na vidonge vya ivamektini viligawiwa kijiji kwa kijiji. Mtu wa kandokando ya mito hii ambaye ngozi yake inawasha bila kukoma asiache kumwambia daktari ametoka wapi.

Basi, kama upele umetibiwa vizuri, wenzake wa chumba wote wametibiwa, majuma yamepita, na mwasho bado uko palepale viwikoni na magotini, pande zote mbili, hapo ndipo ninapotaka mtu aliulize swali la tatu: Unakula nini?

Wako watakaonijibu kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Ni kweli kwamba umeonekana zaidi Ulaya, na kwamba kusini mwa Sahara ni nadra kuusikia. Lakini nadra si sawa na hakuna. Mwaka 1999 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara ya Magharibi ambao wengi wao wanaishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Walipimwa watoto 990, ikaonekana kwamba karibu 6 katika kila 100 walikuwa na siliaki. Hesabu hiyo ilizidi kwa mbali hesabu za Ulaya. Watu hao ni Waafrika, na chakula chao kikuu kimekuwa mkate. Basi twaona kwamba ugonjwa huu hautazami rangi ya mtu. Wahitaji mambo mawili kukutana, yaani urithi fulani katika damu na ngano katika sahani. La kwanza hatuwezi kulijua kwa kutazamana usoni. La pili twaweza kulichunguza sasa hivi.

Tutazame basi sahani zetu. Chakula cha milima ya Rwenzori na mabonde yake ni bundu la muhogo, matoke, viazi vikuu, viazi vitamu, maharage, sombe, na samaki wa maziwa yetu. Katika vyote hivyo hamna gluteni hata chembe. Uji wa ulezi hauna, mtama hauna, mchele hauna, wala posho ya mahindi tunayoilalamikia kila siku haina. Babu zetu waliweza kuishi na urithi huo katika damu mpaka wakafa wazee bila kujua kwamba wanao, kwa sababu ngano haikuwafikia. Lakini reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, mji ukakua, na mji wa watu wa mshahara hupenda chakula cha haraka. Leo ukisafiri kutoka Kasese mpaka Mpondwe hukosi moto wa chapati katika kituo chochote. Kijana hupata chai na mandazi asubuhi, kikomando mchana, na chapati iliyoviringishwa na mayai jioni. Siku ya soko pale Mpondwe wauzaji na wanunuzi wa pande zote mbili za mpaka hula chapati wakiwa wamesimama. Sioni ubaya wowote katika chapati, nami hupenda kuila. Nasema tu kwamba chakula kimebadilika kwa upesi, na macho yetu ya kutazama magonjwa hayajabadilika pamoja nacho.

Hapa sina budi kuwaonya ndugu zangu juu ya makosa mawili, maana haraka haraka haina baraka.

Kosa la kwanza ni kuacha ngano kabla ya kupimwa. Siku hizi mtu husoma maneno mawili katika simu yake, akajitangazia ugonjwa, akaacha mkate, kisha akaenda hospitali baada ya miezi. Huyo amejifungia mlango mwenyewe. Daktari hupima damu kutafuta askari ambao mwili umewaandaa dhidi ya gluteni, tena hukata kipande kidogo sana cha ngozi karibu na lengelenge na kukitazama chini ya darubini kwa mwanga maalumu. Alama itafutwayo katika ngozi ilitambuliwa mwaka 1969 na J. B. van der Meer, Mholanzi mwingine. Lakini mtu aliyekwisha kuacha ngano kwa muda mrefu, askari wale hupungua, na kipimo chaweza kusema hana ugonjwa na hali anao. Kwa hiyo, ule kama kawaida yako, uende hospitali, useme, kisha ungoje majibu.

Kosa la pili ni la hatari zaidi, nalo ni kujinunulia dawa. Iko dawa iitwayo dapsoni, ambayo wazee wetu waliijua kama dawa ya ukoma. Dawa hiyo hutuliza mwasho wa vipele vya ngano kwa upesi wa ajabu, pengine kwa siku chache tu. Mtu akisikia hivyo atakimbilia duka la dawa. Lakini wako watu ambao damu yao ina upungufu wa kitu kiitwacho G6PD, na watu hao ni wengi zaidi katika nchi zilizokaa na malaria tangu zamani, kama nchi yetu. Kwa watu hao dapsoni huweza kuzivunja chembe nyekundu za damu kwa wingi hata wakawa mahututi. Daktari hupima kwanza, ndipo huiandika, tena huendelea kupima damu wakati mgonjwa anapoitumia. Zaidi ya hayo, dapsoni huinyamazisha ngozi tu, haiuponyi utumbo. Utumbo huponywa kwa kuacha gluteni, na si kwa kitu kingine.

Wala mtu asidhani kwamba ni mwasho tu na anaweza kuuvumilia. Mwenye ugonjwa huu asiyetunzwa huweza kupungukiwa na damu, mifupa yake ikawa dhaifu, na mara chache sana hata kupata saratani ya utumbo. Kwa mwanafunzi hasara huanza mapema zaidi. Asiyelala usiku hawezi kushika hesabu asubuhi, na anayechekwa bwenini hutafuta sababu ya kwenda nyumbani. Mwingine haendi kwa mganga wa hospitali kwa kuwa jamaa zake wamekwisha mtaja jirani kuwa ndiye aliyemtupia uchawi. Hapo ugonjwa wa ngozi umezaa ugomvi wa nyumba mbili, na chanzo kinaendelea kuuzwa kando ya njia kwa bei ndogo.

Ikiwa majibu yataonyesha kwamba ndiyo, mgonjwa asilie. Nchi nyingine mtu wa namna hii hulazimika kununua mikate maalumu kwa fedha nyingi. Sisi dawa yetu imepandwa nyuma ya nyumba. Kijana wa Bwera atakayeambiwa aache ngano ameambiwa tu arudi kwenye bundu la mama yake. Lakini yampasa awe mwangalifu. Muhogo uliokaangwa katika mafuta ya mandazi umekwisha chafuka. Unga wa mahindi uliosagwa katika kinu kilichotoka kusaga ngano si salama. Unga wa uji uliochanganywa nafaka nyingi, asome kwanza maandishi ya mfuko. Vinywaji vya kimea cha shayiri avikatae. Tena asichoke, kwa maana ngozi huchelewa; yaweza kuchukua miezi mingi, hata miaka miwili, kabla vipele havijakoma bila msaada wa dawa. Na kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo, ndugu zake wa tumbo moja nao yafaa wapimwe.

Katika shule ya misheni hapana budi mtu kuuliza pia habari ya Komunyo Takatifu, maana hostia hutengenezwa kwa ngano. Kwa Wakatoliki jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Barua ya Vatikano ya mwaka 2003 ilisema kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliwi, lakini iliyo na gluteni kidogo sana inakubaliwa, na mtu asiyeiweza hata hiyo aruhusiwe kupokea katika kikombe peke yake. Kwa hiyo hakuna kijana atakayelazimika kuchagua kati ya meza ya Bwana na afya yake. Amwendee padre kabla ya Misa, aseme wazi.

Nimalizie kwa maombi matatu. Kwenu wanafunzi wenzangu: acheni kumsukumia mwenzenu kitanda mlangoni. Mwambieni aende zahanati, na kama ni upele, kubalini sote tutibiwe siku moja bila kunung'unika. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi anayemfundisha mtu kuficha ni sisi tunaomcheka.

Kwa wakubwa wetu wa shule: muuguzi aandike katika daftari ni nani amepewa dawa ya upele, tarehe gani, na vipele vilikuwa mahali gani pa mwili. Akirudi mara ya tatu na vipele vilevile viwikoni, asipewe dawa ileile mara ya nne. Apelekwe hospitali ya Bwera, au Kagando, au Kilembe, na kutoka huko mpaka penye vipimo kama vikihitajika. Kalamu na daftari havina gharama kubwa.

Na kwenu ndugu zetu mliomaliza shule mkatutangulia, ninyi mlio Kampala, Nairobi na ng'ambo, ambako mkate uko mezani kila asubuhi: ninyi ndio mnaokula ngano nyingi kutupita sisi. Kama yuko kati yenu anayebadilisha sabuni na mafuta kila mwezi kwa sababu ya viwiko visivyopona, asione haya kumwuliza daktari swali hili moja la ngano. Na wale kati yenu mliokuwa matabibu, mnapomtazama mgonjwa wa kutoka kwetu, anzeni na upele, mpite kwa usubi, lakini msiishie hapo.